Alizeti Mwitu ya Kaburi la Mama

Watu husema hasira hasara. Basi hasara yangu nimeshaipata, hasira niachieni.

Walipotuhamishia kijiji kipya cha ujamaa, kando ya barabara kuu, makaburi hatukuhama nayo. Kaburi la mama likabaki porini, na juu yake alizeti mwitu aliyoipanda baba: ndefu kuliko mtu, maua ya njano, kiangazi kinaua kila kitu nayo imesimama tu. Nilichuma mbegu, nikazifunga pindoni mwa khanga, nikaja nazo Kariakoo nilipoolewa.

Nyumba ilikuwa ya wapangaji sita. Uani nilipata kipembe nyuma ya bafu, nikapanda. Mbegu nyingine zote zikaoza, ikaota moja. Sikuimwagilia hata maji ya vyombo, maana bomba letu siku hizo lilitoa upepo. Ikakua mpaka ikapita ukuta. Wapangaji wenzangu wakanitania, "Shoga, leo umepika maua?" Niliwaacha wacheke.

Ndipo akaja mjumbe wetu wa nyumba kumi. Amri ilikuwa imetoka: kila kipande cha ardhi kipandwe chakula, hata mjini.

"Ndugu, ng'oa gugu hilo, panda mahindi."

"Shikamoo mzee. Si gugu hilo, mbegu yake imetoka kaburini kwa mama. Nipe wiki mbili tu mbegu zikauke, nichume, kisha nitang'oa mwenyewe."

"Marahaba. Wiki mbili, haya."

Alisema mbele ya watu, tena huku anakunywa kahawa yangu!

Siku ya nne nilitoka alfajiri kwenda kupanga foleni ya sukari duka la ushirika. Narudi saa sita, nakuta shimo. Mjumbe kainama na jembe, anafukia mahindi. Alizeti yangu imetupwa jalalani, mbichi, haina hata mbegu moja iliyokomaa. Nikapiga ukelele. Mume wangu akanishika mkono: "Nyamaza, usitutie matatani." Nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilinyamaza.

Mahindi yake yalifika magotini, mvua ikagoma, yakanyauka yote.

Mjumbe akarudi, safari hii mpole kama maji mtungini. Mwezi ujao wakubwa wanakuja kukagua, na uani kwetu panatia aibu.

"Ndugu, lile ua lako huna tena? Lile linalovumilia jua. Lipande hapo, paonekane japo pana kijani."

Yaani! Nilimtazama nisiamini masikio yangu. Mume wangu akanikonyeza, nikajifanya sikuona.

"Mbegu zipo, mzee," nikamwambia. "Ziko juu ya kaburi la mama, kule mlikotuondoa. Nenda kachume mwenyewe. Na ukifika, anza kwa kumwomba radhi."