Dada hakutaka picha ya simu

Mwaka 1970, nikiwa na miaka kumi, baba alikufa na skuli ikaishia hapo. Dada yangu Mwanaisha aliuza mbaazi na mahamri Likoni ndipo nikala. Kamera nilijifunza mwenyewe, sikufunzwa na mtu.

Mwaka huu dada akalala kitandani asiinuke tena. Maisha yake yote alikataa picha, lakini usiku mmoja aliniambia, "Nipige, Athumani. Ila si kwa simu. Sitaki kuzunguka mji mzima mifukoni mwa watu."

Flashi ilimuumiza macho, kwa hivyo nikatia filamu kali ya nyeusi na nyeupe, inayoona hata kwa taa ya chemli. Bintiye Zuhura akaninong'oneza, "Mjomba, nichukue moja ya simu, iwe akiba?"

"Akiba ya nini? Nilikuwa napiga picha kabla hujazaliwa. Shika taa."

Nilipiga mpaka kamera ikahesabu thelathini na sita. Dada alicheka, wallahi, kama msichana.

Alikufa Ijumaa. Baada ya matanga wanawe wakaja studio yangu kungoja picha. Nikaitoa filamu kwenye dawa ya kusafishia, nikaiinua: tupu, angavu kama kioo. Ncha yake sikuishikiza kwenye meno ya kamera yanayoivuta. Kamera ilikuwa ikihesabu na filamu imekaa pale pale.

Zuhura akaitazama kwenye mwanga. "Mjomba, mama yuko wapi?"

Leo nina nyumba ya vyumba sita Magongo, studio na kamera nne. Picha ya mama yao sina.