Vidonge Vyekundu vya Mama Mdogo

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani, ingawa chumvi yenyewe ilikuwa imeadimika, Mama Mdogo Safia alipohamia kwetu chini ya kilima cha Lubaga na mimba yake. Kampala ilikuwa mikononi mwa wanajeshi. Mumewe, dereva wa serikali, alitiwa kwenye buti la gari mchana kweupe, na hakuna aliyethubutu kwenda kumuulizia.

Alikuwa mdogo wake mama, mcheshi, akinitania kwamba miguu yangu ni ya korongo. Kliniki walimpa vidonge vyekundu vya kuongeza damu, madini ya chuma na vitamini, maana macho yake kwa ndani yalikuwa meupe. Bibi, mama yao, hakutaka kuviona. Mtaani kwetu wengi waliamini kwamba vidonge vile humnenepesha mtoto tumboni hadi ashindwe kutoka.

"Safia, hivi usimeze," alisema. "Mtoto atakuwa mkubwa, atakwama. Madaktari wamekimbia nchi. Nani atakupasua?"

"Lakini mama, nasikia kizunguzungu."

"Hicho cha mimba. Utakunywa mumbwa."

Mumbwa ni udongo uliokandwa na majani ya dawa, ukakaushwa. Bibi aliununua sokoni Kalerwe, akausugua juu ya jiwe lenye maji, na Mama Mdogo akanywa kila asubuhi bila kubisha. Wajawazito wa Kampala wanaunywa mpaka leo; hata mimi niliunywa, wala sioni haya. Vidonge vilibaki juu ya kabati. Chakula chetu kilikuwa muhogo, kesho yake muhogo tena, na siku ya bahati maharage. Mama alijaribu kumtetea mdogo wake. Bibi akanuna, na Bibi akinuna kwetu hata paka alitembea taratibu.

Alijifungua nyumbani, alasiri moja. Mtoto wa kike, mdogo kabisa, alitoka upesi hata mkunga akacheka. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Si niliwaambia?" Bibi alisema, akizunguka nyumba nzima. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile.

Vigelegele vilikuwa bado havijaisha mkunga alipoanza kudai kanga, shuka, nguo yoyote. Damu ilikuwa haikatiki. Baba alitoka mbio kutafuta gari, lakini wenye magari walikuwa wameyaficha yasichukuliwe na askari. Kabla ya magharibi Mama Mdogo alikata roho, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Bibi.

Siku za matanga, nesi mmoja jirani yetu, Mganda, alikuja kutupa pole. Bibi akamuuliza mbele yetu sote.

"Vile vidonge vingemkuza mtoto?"

"Hapana, jjajja," nesi alimjibu kwa heshima, akimwita bibi kwa Kiganda. "Ile inaongeza damu tu. Mwanamuke akikuwa na damu kidogo, hata ile kidogo inatoka inamuua."

Bibi aliendelea kumbembeleza mtoto aliyempakata.

Siku hizi maduka ya dawa yamejaa vitamini za nywele, za ngozi, za nguvu za kiume, na watu huniuliza kama kweli tunazihitaji. Anayekula vizuri akashiba, nadhani anajisumbua bure. Mama Mdogo alizihitaji. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba Bibi hakuwa mjinga. Katika mji ule uliokimbiwa na madaktari, alikiogopa kifo alichokwisha kukiona kwa wengine, na alimpenda mwanawe kuliko sisi sote. Pengine angeelezwa polepole angeelewa, lakini kila mtu wakati ule alikuwa na haraka ya kufika kwake salama.

Yule mtoto alilelewa na Bibi mpaka akaolewa. Wiki ya harusi yake alimuuliza alizaliwaje.

"Ulitoka upesi," Bibi alisema, kisha akanyanyuka, akaenda kukaa uani peke yake, na hakuna aliyemfuata.