Nyumba ya Kilwa Kwenye Picha

Ziwa Mweru lilipofurika na kumeza sehemu ya ufuo wa Kilwa, ile ya huku kwetu Kongo, rafiki yangu wa chuo kikuu hapa Lubumbashi aliniambia wanatafutwa watu wa kujitolea kukagua picha zilizopigwa kutoka angani. Picha inakuja kwenye kompyuta, unajibu: nyumba, maji, au sina hakika. Picha moja hutazamwa na watu wengi, kila mmoja na nchi yake, na jibu la wengi ndilo linalowaongoza wanaopeleka msaada. Nilikubali kwa sababu ya jina Kilwa tu. Niliondoka kule nikiwa mdogo, juu ya lori la samaki, na sijarudi.

Jumapili moja, baada ya misa, mama alivaa miwani, akavuta kiti kando yangu. Picha zilikuja ovyo: mashamba, njia, matope. Ghafla akanishika mkono.

"Ngoja. Hii ni fasi yetu, mahali petu pa Kilwa."

"Mama, miye naona maji tu."

"Angalia vile kijito kinapinda. Pale tulikuwa tunaanika samaki. Nyumba ya baba yangu iko nyuma."

"Unaona bati?"

Alisogeza uso hadi pua ikakaribia kioo.

"Bati sioni," alisema. "Lakini nyumba iko."

Niliwafikiria wale wengine wanaotazama picha hiyohiyo, ambao hawajawahi kusikia harufu ya samaki wale. Wangebonyeza "maji" na kupita, na wangekuwa sahihi. Nami nikabonyeza "maji", maana msaada haukupaswa kupelekwa mahali pasipo na watu. Mama hakunilaumu. Aliniomba tu nisilete picha nyingine kwanza. Tukakaa hivyo, chai ikipoa, huku akinionyesha kwa kidole juu ya maji yale: jiko lilipokuwa, mlango, kivulini nilipojifunza kutembea.

Baadaye kazi ile ilikwisha, tukashukuriwa, ukurasa ukafungwa. Lakini Jumapili mama bado huniuliza:

"Leo habakutuma picha?"

"Hapana, mama."

Mvua haijaisha na barabara ya Kilwa haipitiki. Amekwisha kuchagua kitenge atakachovaa siku tutakayopanda lori. Amekikunja juu ya kabati, na mara nyingine namkuta amekishusha, anakikunja upya.