Paka Mwenye Sikio Lililochanika

Mchoraji wa mabango ya maduka, dada wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi, hakuwa mtu wa kumeza maneno. Aliishi na mdogo wake wa kiume katika vyumba viwili vilivyotazamana uani. Kimoja kilinuka rangi na mafuta ya taa. Kingine kilijaa nyaya, na humo mdogo wake na wenzake walikuwa wakitengeneza lugha mpya ya kuandikia programu za kompyuta. Kilichobaki ni mnyama wa kuitambulisha, maana lugha nyingi za aina hiyo huwa na mnyama wake. Walitaka sungura anayecheka. Brashi akawachorea, wakafurahi.

Mwenye nyumba alifuga jibwa lililoua paka wa mtaani, naye alilitazama kwa raha kama anayetazama mpira. Mchana mmoja aliliingiza uani, akalifungua mnyororo makusudi. Paka wa Brashi alikuwa amezaa ndani ya katoni la makopo ya rangi. Hakukimbia. Jibwa lilipotia kichwa katonini, alilirukia usoni akang'ang'ania. Likamchana sikio, likamtupa chini, akarudi. Likamtupa tena, akarudi tena. Makopo yakapinduka, damu ikachanganyika na rangi nyeupe. Mwishowe jibwa lilifyata mkia likatoka likilia, jicho moja limepasuka.

Mwenye nyumba akamshika paka miguu ya nyuma, akambamiza ukutani. Mara ya kwanza paka alilia. Mara ya pili hakulia.

Brashi aliokota kipande cha bomba la chuma, akamtandika nacho mwenye nyumba begani hadi mfupa ukasikika. Mtu yule alianguka, lakini alipoanguka mkono wake ulikuta tofali. Akamvuta Brashi chini, akaupondaponda mkono wake wa kulia juu ya saruji. Mdogo wake alitoka mbio, akamvunjia mtu yule kiti mgongoni. Majirani walipowaachanisha, kitoto kimoja cha paka kilikuwa kimeshakanyagwa.

Polisi waliwaweka ndani wote watatu, kisha wakawaambia wakapatane. Hakuna aliyepatana na mtu. Ndugu wale walihama na vitoto viwili vilivyobaki. Vidole vya Brashi havikunyooka tena.

Wale waliofanya kazi na mdogo wake walipokuja kuulizia sungura, walikuta Brashi amemchana. Juu ya meza palikuwa na paka aliyechorwa kwa mkono wa kushoto, mistari imepinda, meno nje, sikio vipande viwili. Mmoja alisema paka huyo atawatisha watu.

"Dada, huwezi kumlainisha kidogo?" mdogo wake aliuliza.

"Ndivyo alivyokuwa."

Mdogo wake akawaambia wenzake kwamba asipokuwa huyo, basi lugha ikae bila mnyama.

Wakamkubali shingo upande. Lugha ilipoenea, paka yule alienea nayo kwenye fulana na vikombe. Barua za kuomba ashonwe sikio zilikuja nyingi, na Brashi alikataa zote.

Kwenye mkutano wa waandishi wa programu, mwanamke mmoja mgeni aliyevaa fulana ile alimsogelea akamuuliza kama ni kweli paka huyo alipigana na mbwa akashinda.

"Mbwa alishindwa," Brashi alisema. "Aliyemuua paka ni mtu."

 Brashi akamwomba apishe kidogo, kwani nyuma yake watu walikuwa wakingoja chai.