Lori la Saa Moja Kamili

Butembo haijawahi kuwa na reli, lakini wakati wa vita ilikuwa na mkuu wa stesheni. Alikuwa baba yangu.

Kabla ya hapo alikuwa mkuu wa stesheni kweli, Kisangani, kwenye ile reli fupi inayozunguka maporomoko ya mto. Majeshi ya kigeni yalipoanza kurushiana mabomu katikati ya mji wetu, treni ilisimama, nasi tukakimbilia Butembo, kwa sababu mama ni Munande wa Masereka na ndugu zake wako huko. Baba alifika na saa yake ya mkononi, filimbi ya kazi na daftari moja jipya. Wajomba walimpa kipande cha shamba alime viazi. Alilima siku nne. Siku ya tano alishuka hadi parking, mahali malori ya kwenda Beni yalipopakia, akaanza kupiga filimbi.

Hakuna aliyemwajiri. Siku zile lori liliondoka likijaa, na dereva peke yake ndiye aliyejua limejaa lini. Watu walifika alfajiri wakaondoka adhuhuri, wamekaa juu ya mifuko ya maharagwe, na giza likawakuta njiani, ambako kila kundi lenye bunduki lilikuwa na barieri yake ya kusimamisha magari. Baba aliona jambo hilo ni uzembe. Aliandika ratiba kwa chaki kwenye ubao: saa moja, saa nne, saa saba. Madereva walicheka hadi wakashika mbavu. Wakambandika jina la Chef de gare, yaani mkuu wa stesheni, naye akaitika, maana ndicho cheo chake.

Aliyewanyamazisha ni afisa mmoja wa jeshi lililotutawala wakati huo. Walinzi wake walikuja mbio kusema gari lisubiri, mkubwa anakunywa chai. Baba alitazama saa, akapiga filimbi, lori likaenda. Afisa alipofika alimzaba baba kofi moja, kisha akapanda lori la saa nne. Baba aliandika yote mawili kwenye daftari, kofi na safari. Tangu siku hiyo madereva walimtii, na kila mmoja alimwachia chochote kidogo, ndicho tulichokula nyumbani.

"Siku nitangojea mutu moja," alimwambia mama, "hata kama ni Papa wa Roma, filimbi hii itakuwa ya batoto kuchezea."

Mwaka nilipomaliza shule, nilitakiwa kufanya concours, yaani mtihani wa kuingia shule ya wauguzi huko Beni. Ilikuwa siku moja tu, saa nane mchana, na mlango ukifungwa umefungwa. Nikiikosa, kulikuwa na muuza chumvi mmoja, rafiki wa wajomba, aliyekwishaleta mbuzi wa kufungulia mazungumzo ya posa. Mbuzi mwenyewe nilimpenda. Muuza chumvi alikuwa na meno machache na wake wawili, na hakuna mtu nyumbani aliyeniuliza naonaje. Lori la saa nne lisingefika kwa wakati. Ilikuwa lazima nipande la saa moja.

Niliamka mapema, nikaoga, nikavaa. Halafu mama akasema tusali kwanza. Mama hakuwahi kusali kwa ufupi maishani mwake. Aliniombea mimi, akaombea barabara, akaombea wenye kusahihisha mitihani, akawaombea hata wenye bunduki wapate usingizi. Nilipotoka mlangoni nilikuwa nakimbia.

Niliingia parking nikiwa hatua thelathini kutoka kwenye lori. Baba alikuwa amesimama pembeni, filimbi mdomoni. Aliniona. Watu waliokaa juu ya mizigo waliniona pia, wakapiga kelele: "Chef, ngoja! Ni mutoto yako yule!" Baba alitazama saa. Akanitazama tena. Akapiga filimbi.

Lori liliondoka. Lilinipita karibu kiasi kwamba moshi wake uliniingia kinywani. Nilimchukia baba, nasema wazi, nilimchukia mbele ya parking nzima na nililia kwa sauti. Yeye alifungua daftari, akaandika abiria mmoja amechelewa, akalifunga.

"Tembea," aliniambia. "Hapana kusimama."

Nilivua viatu nikavishika mkononi, nikaanza kwenda Beni kwa miguu, zaidi ya kilomita hamsini, si kwa matumaini, kwa hasira tu. Nilitembea nikimtukana kimoyomoyo kwa Kinande, lugha ambayo hakuijua vizuri.

Saa tatu na nusu, nyuma ya kilima, nililikuta lori. Lilikuwa limezama kwenye matope hadi kwenye mlango wa dereva. Abiria wote walikuwa chini, wengine wanachimba, wengine wanasukuma, wengine wanatoa ushauri. Hakuna aliyeshangaa kuniona. Nilisukuma pamoja nao, likatoka, nikapanda. Saa saba na nusu nilikuwa Beni. Niliandika mtihani nikiwa na matope hadi magotini, lakini hakuna aliyenitazama mara mbili, kwa sababu wote tuliokuwa mle ndani tulitoka barabarani. Nilifaulu. Mbuzi alirudishwa.

Nyumbani habari hiyo ikawa hadithi ya kusimuliwa kila sikukuu. Yule mzee ana akili, wajomba walisema. Alijua barabara, alijua lori litazama, ndiyo maana akamwambia mtoto atembee. Baba aliendelea kula. Nami niliamini. Kwa imani hiyo nilimsamehe, bila kumwambia, na nilijivunia kuwa na baba kama yeye.

Miaka mingi baadaye aliugua, nikamleta kwangu Mulekera, huku Beni, nimuuguze mwenyewe. Alasiri moja nilikuwa namlisha uji, nikamuuliza kwa mchezo tu.

"Papa, ile siku ya concours, ulijuaje kama camion itaingia mu bourbier, mu ile matope?"

Alimeza kwanza.

"Nilikuwa hapana najua."

"Donc uliniambia nitembee juu ya nini?"

"Ulikuwa unalia mbele ya batu."

"Ulipiga filimbi ukijua minakosa concours?"

"Saa ilikuwa ilishafika," akasema, na akageukia ukutani.

Kijiko kilikuwa bado mkononi mwangu. Hasira ya siku ile yote ilinirudia, nzima kabisa. Sikumwambia kwamba nimemsamehe, maana kwa wakati huo haikuwa kweli. Nilimvutia blanketi hadi mabegani, nikamwambia ageuke amalize uji.