Ednah na Vitenzi Thelathini

Ednah ni jirani yangu hapa Runyenjes. Tangu tumalize darasa la nane pamoja, alikuwa akichuma kahawa ya watu. Mwaka juzi masista wa kituo cha watoto walitafuta mtu wa kumpikia Sista Pilar, bibi mzee aliyetoka Uhispania bila Kiswahili hata cha kuomba maji. Walimpa Ednah mwezi mmoja ajifunze vitenzi thelathini vya Kihispania. Akivijua, kazi ni yake. Asipovijua, arudi kwa mibuni.

Aliandika kila kitenzi kwa kipande cha karatasi ya unga, akatandaza gunia uani, akavichambua vile tunachambua kahawa kiwandani. Hablar, kusema, fungu la ar. Comer, kula, fungu la er. Vivir, kuishi, fungu la ir. Mimi nilikaa hapo nikinyonyesha, nikimsomea.

"Mama Mbaka," mumewe Runji alimtania, "Kiingereza kilikushinda, hicho utaweza?"

"Kiingereza hakikuniahidi mshahara," alijibu bila kuinua kichwa.

Siku ya mtihani nilimsindikiza, mtoto mgongoni. Sista Karwirwa, aliyekuwa akimfundisha, alikuwa ameshaeleza kwamba Sista Pilar ataingia jikoni kama mgeni, na Ednah amuulize kwa Kihispania kama anataka chai, kama anataka kula. Rahisi tu. Njiani alikuwa amelirudia swali hilo mpaka mtoto wangu akalala.

Sista Pilar akaingia, akaketi. Ednah hakuuliza swali lile. Akamimina chai kikombe kikajaa, akamenya nduma mbili za moto, akamwekea mbele. Nikaona kazi imeenda.

"Ednah, umesahau?" Sista Karwirwa akamnong'oneza.

"Sijasahau, Sista. Lakini mgeni nitamuulizaje kama anataka? Si atajua sitaki kumpa?"

Sista Karwirwa ni wa Meru, na kwao pia, kama kwetu, mgeni haulizwi, anapewa tu. Akauma mdomo asicheke.

Ednah akamgeukia mzee, akaonyesha nduma. "Come." Kula. Akaonyesha kikombe. "Bebe." Kunywa.

Sista Pilar akala zote mbili, kisha akasema maneno marefu, ya haraka, ambayo mimi sikushika hata moja. Ednah akafunua sufuria, akachagua nduma kubwa, akaileta pamoja na kikopo cha chumvi.

"Amesema nini?" Sista Karwirwa akauliza.

"Anataka nyingine. Na hizo za kwanza hazikuwa na chumvi."

Sista Karwirwa akafunga daftari lake la maswali. "Jumatatu saa moja asubuhi. Uje na aproni."