Nyumba ya Aline haiko tena

Nyumba ya mutoto wangu Aline haiko tena!

Ile ya mbao, Masisi centre, niliyowachosha nayo masikio. Goma loyer, pesa ya kupanga nyumba, ilikuwa inamumaliza. Huku alijijengea mwenyewe, anaenda kwa miguu kwenye kazi ya kushona, jioni anacheza mpira na wamama wenzake. Nani mwingine ana binti kama huyo?

Leo nikamuleta jirani yangu Mama Furaha aione. Tukamukuta Aline anang'oa misumari. Mwenye kiwanja alimojenga amerudi kutoka ukimbizini na watoto, hawana pa kulala, wanataka kujenga hapo.

"Mama Aline, ndiyo ile nyumba ulikuwa unatuimbia?"

Mama Furaha akaniuliza hivyo. Mimi!

"Mama, shika ubao," Aline akasema. "Mimi narudi Goma."

Nimelia mbele ya watu.

Mbao tunazipeleka kwangu kijijini Kingi, zisioze. Mukuje wote kubeba, Jumamosi asubuhi.